Lori la Chitego na Jiko la Jirani

Mwishoni mwa Juni 2012, katika kijiji cha Chitego wilayani Kongwa, miili ya vijana ilikutwa imetupwa porini. Walikuwa Waethiopia. Walikuwa wamebanana ndani ya lori lililofungwa, wakipelekwa kusini, na zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa. Waliobaki hai waliachwa pale pale pamoja na maiti za wenzao. Lori likaondoka.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma mjini. Kila tunapokaa na wananchi kwenye ofisi ya mtaa na kuwauliza usafirishaji haramu wa binadamu ni kitu gani, mkono wa kwanza kunyanyuka huleta jibu lile lile: "Wale Wahabeshi wa Kongwa." Nawaelewa, na sitaki mtu yeyote asahau Chitego. Lakini naamini lori lile limetuziba macho tusione kilicho karibu zaidi. Sehemu ya lawama nalitupia neno lenyewe. Ukisikia "usafirishaji" unawaza magurudumu, mpaka, vibali, safari za usiku. Ukimwambia mtu kwamba jirani yake mwenye geti jeusi na watoto wanaosoma shule ya kulipia anaweza kuwa ndani ya kosa hilo kwa sababu ya binti anayemwoshea vyombo, anakutazama kama umemtukania ndugu.

Sheria haijali umbali. Mtu anaweza kutolewa Addis Ababa, anaweza kutolewa Kondoa, anaweza kutolewa mtaa wa pili. Inachouliza ni alifikishwaje pale alipo, na pale alipo anafanywa nini.

Mama mmoja muuza mkaa wa Nkuhungu alikuja ofisini kwetu asubuhi moja, akakaa kwenye benchi bila kusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Dada, mimi sijui sheria. Lakini yule mtoto hapumziki." Alikuwa anamzungumzia binti wa kazi wa nyumba ya pili. Anayeijua Dodoma anajua habari ya mgao wa maji: bomba linaweza kukauka siku nzima, maji yakaanza kutoka usiku wa manane. Mama huyu alikuwa akisikia madumu yanajazwa saa nane ya usiku, na saa kumi na moja alfajiri anasikia ufagio uwanjani. Mkono ni ule ule.

Tulipomfikia yule binti, tukiwa na afisa ustawi wa jamii, alisema ana miaka 13. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya unga, nyeupe kwenye maungio. Hakuwa na simu, hakuwa na begi. Kwenye pindo la kanga yake kulikuwa na fundo dogo, na ndani ya fundo kipande cha boksi la sabuni chenye namba ya simu iliyoandikwa kwa peni, tarakimu mbili zikiwa zimeanza kufutika kwa jasho. Ilikuwa ya mama yake aliye kijijini, wilaya ya Chemba. Miezi kumi na moja alikuwa nayo, na hakuwahi kupewa simu aipige.

Aliletwaje mjini? Mvua zilikuwa zimekata, uwele haukujaa hata debe, akafika kijijini mwanamke mmoja ambaye watu walimwita shangazi ingawa hakuwa shangazi wa mtu. Alisema kuna familia njema mjini, binti atasaidia kazi ndogondogo na jioni atapelekwa kwenye masomo ya cherehani. Mama akakubali, binti akakubali. Nauli ililipwa na yule "shangazi". Mshahara, shilingi 30,000 kwa mwezi, ulipitia kwa "shangazi" huyo huyo, na Chemba haikufika hata senti.

Hapa ndipo watu wengi mikutanoni hunikatiza. "Lakini mzazi alikubali. Na mtoto mwenyewe alipanda basi kwa miguu yake."

Nchi yetu iliridhia Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara hii, kisha Bunge likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Ukiifungua sheria hiyo utaona kosa limejengwa kwa mafiga matatu. La kwanza ni kitendo: kumsaka mtu, kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kupokea kumo, kwa hiyo mwenye nyumba ya kule mwisho hawezi kusema, "Mimi niliagiza tu msichana." La pili ni njia: nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia vibaya madaraka au unyonge wa mtu, au kumlipa yule mwenye mamlaka juu yake. La tatu ni lengo, yaani unyonyaji: ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa na mambo yanayofanana na utumwa, hata kutolewa viungo.

Sasa shika mambo mawili haya kwa mikono yote. Akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, figa la pili halihitajiki. Huna haja ya kuthibitisha kwamba alidanganywa au alipigwa. Akichukuliwa kwa lengo la kunyonywa, kosa limetimia. Na ridhaa haiokoi. Mtu mzima aliyekubali kwa sababu amedanganywa hakukubali kile alichofanyiwa, alikubali hadithi. Mzazi aliyekubali kwa sababu ghala ni tupu, mwenzake ametumia unyonge wake.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shuleni, na inakatazwa kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Yale madumu ya saa nane usiku yalikuwa kosa peke yake, hata kama kila kitu kingine kingekuwa safi.

Najua ninapokanyaga. Sisi ni watu wa kulelewa kwa ndugu. Mimi mwenyewe nilisoma darasa la tano hadi la saba nikiwa kwa mjomba Mpwapwa, nikachota maji, nikapika, nikachapwa nilipounguza maharage, na hakuna siku nilijiona mtumwa. Nusu ya wanaosoma makala haya wamepitia njia hiyo. Kwa hiyo nikisema mtoto kuletwa mjini kwa ndugu inaweza kuwa mlango wa biashara hii, silitukani jambo lililotulea. Naona uchungu kwamba wanaofanya biashara hii wanavaa nguo ya undugu, wanajiita shangazi, kwa kuwa wanajua mlango huo haufungwi.

Tofauti inaonekana ukitazama mambo madogo. Watoto wa nyumba wanapokwenda shule, yeye anakwenda wapi? Anakula nao au anakula wakishamaliza? Akiugua, nani anampeleka zahanati? Anaweza kupiga simu kwao, peke yake, bila mtu kusimama pembeni akisikiliza? Kama kuna ujira, anaushika nani? Akisema kesho anataka kurudi kwao, anaambiwa nini? Kwa mjomba wangu majibu ya maswali hayo yote yalikuwa mepesi. Nkuhungu hakuna hata moja lililojibika. Mama mwenye nyumba alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba binti hawezi kuondoka mpaka amalize deni la nauli. Nauli ya Chemba! Deni ambalo halikatwi kwa hesabu yoyote inayojulikana ni kamba, na kamba hiyo utaikuta kila penye biashara hii, kuanzia hapo Nkuhungu hadi kwa mabinti wanaopelekwa Oman na kunyang'anywa pasipoti siku ya kwanza.

Kwa hao wa nje ya nchi nitasema kwa ufupi. Kazi ya nje si haramu. Wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni ya serikali, mkataba uwepo kabla ya ndege na uwe kwa lugha unayoielewa, na ofisi za kazi za serikali, ambazo makao yake yako hapa hapa Dodoma, zinaweza kukuambia kama wakala huyo anatambulika. Anayekuambia usimwambie mtu mpaka ufike, anajua kwa nini anakuambia hivyo.

Turudi kwenye lori. Kijana wa Ethiopia anayekatiza Kenya na Tanzania akitafuta maisha Afrika Kusini, je, ni mhanga? Ni mkimbizi? Ni mhamiaji haramu? Magazeti hutumia maneno haya kama visawe, na hapo ndipo fundo linapokaza.

Kumvusha mtu mpaka bila vibali, kwa malipo na kwa makubaliano yake, ni magendo ya wahamiaji. Kosa hapo ni dhidi ya mipaka ya nchi. Msafirishaji anauza safari, na ikiisha kila mtu anashika njia yake. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa dhidi ya mtu mwenyewe, na faida yake inaanza pale safari inapoishia. Kwenye karatasi mpaka kati ya hayo mawili ni mstari ulionyooka. Barabarani haunyooki. Familia inauza ng'ombe kule nyumbani, kijana anaondoka kwa hiari. Njiani anakabidhiwa kwa kundi jingine, anafungiwa ndani, kwao wanapigiwa simu waongeze hela la sivyo hatatolewa. Akikosa, anafanyishwa kazi kufidia. Aliyeanza kama mteja wa magendo ameishia mhanga, na hakuna aliyemwambia ni saa ngapi alivuka mstari huo. Ndiyo maana anayemkamata anapaswa kuuliza maswali mengine kabla ya lile la "vibali viko wapi". Vijana wengi wa namna hii wamefungwa kwenye magereza yetu kwa kosa la kuingia nchini, na wengine wamebaki ndani hata baada ya kumaliza vifungo kwa sababu hakuna nauli ya kuwarudisha. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, limekuwa likisaidia kuwarejesha makwao wale wanaotaka.

Mkimbizi ni habari nyingine kabisa. Huyu hatambulishwi kwa namna alivyosafiri wala kwa kazi anayofanya, bali kwa kile alichokikimbia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtaja mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi la kijamii alilomo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliona tafsiri hiyo haiwatoshi watu wetu, na mkataba wake wa mwaka 1969 ukaongeza anayekimbia vita, uvamizi, utawala wa kigeni na matukio yanayovuruga amani vibaya. Mama anayekimbia mabomu Kivu, mashariki mwa Kongo, si lazima aonyeshe kwamba bomu lilimlenga yeye. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 imebeba tafsiri zote mbili.

Mwomba hifadhi ni yule ambaye ameomba na bado hajajibiwa. Ni hatua tu, lakini ina ulinzi wake: wakati ombi linasubiri jibu, harudishwi kule anakosema atauawa.

Miaka michache iliyopita, jioni, nikiwa stendi ya Nanenane nasubiri mgeni wangu, alinisogelea baba mmoja na watoto wawili wamekaa juu ya shuka lililofungwa kama furushi. "Mama," akaniambia, "tuko natafuta fasi ya kulala." Sikuhitaji kumuuliza ametoka wapi. Kiswahili chake kilishasema. Ni Kiswahili hicho hicho chetu, kimekulia upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, na katika mji kama huu kinamtangaza mwenye nacho kabla hajafungua furushi.

Nilimkosea mtu huyo. Sikujua cha kumwambia, nikampa hela ya chakula, nikamwonyesha nyumba ya wageni ya bei nafuu, nikaondoka nikijiona mwema. Ningekuwa na akili niliyo nayo leo ningemwambia jambo moja kwanza, kwamba sheria inampa siku saba tangu aingie nchini kujitokeza kwa afisa aliyeidhinishwa aliye karibu, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani, kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kusema anaomba hifadhi. Akifanya hivyo, kuingia bila vibali peke yake si sababu ya kumfunga. Akipitisha muda huo akiwa kwenye nyumba ya wageni aliyoonyeshwa na mwema mmoja wa stendi, anaanza kuonekana kama mtu anayejificha.

Ombi lake likishapokelewa, anahojiwa peke yake kuhusu kilichomkimbiza, na Kamati ya Taifa inayopitia maombi ya hifadhi humshauri Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye ndiye mwenye uamuzi. Haikuwa hivyo kwa wote siku zote. Warundi waliomiminika mwaka 2015 walipokelewa kwa mkupuo, hali ya nchi yao ikiwa ushahidi tosha. Utaratibu huo ulisitishwa Januari 2017, na tangu hapo kila mmoja anasimama na maelezo yake. Kwa hiyo maelezo hayo yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu akishauriwa na "mjuaji" wa stendi aseme uongo fulani ili akubaliwe, halafu mahojiano ya pili yakapingana na ya kwanza, ameharibu ombi ambalo pengine lilikuwa la kweli tangu mwanzo.

Jambo linaloleta mkanganyiko mkubwa kwa watu wa Dodoma ni hili: Wizara ya Mambo ya Ndani na idara yake ya huduma kwa wakimbizi ziko hapa, lakini mkimbizi haruhusiwi kuishi hapa kwa kujiamulia. Sheria inamtaka akae kwenye maeneo yaliyotengwa, na kwa miaka mingi maana yake hasa imekuwa mkoa wa Kigoma: Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta kule Kibondo. Mtendeli, Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Akitaka kutoka, kwa matibabu, masomo au kesi, anahitaji kibali. Akikamatwa Majengo bila kibali, kuwa mkimbizi halali hakumwondolei kosa la kuwa nje ya eneo.

Nina maoni yangu kuhusu kanuni hiyo na sitayaficha. Naelewa hoja ya usalama wa nchi. Lakini nimeona inavyomnyamazisha mtu. Kijana anayetoka kambini bila kibali kwa kuahidiwa kazi ya kuchunga ng'ombe huku kwetu, akafika akafanyishwa kazi mwaka mzima bila kulipwa, hawezi kwenda polisi, kwa sababu anaogopa swali la kwanza litakuwa kibali. Mwenye ng'ombe anajua hivyo, na hapo ndipo anapomshikia. Kijana huyo ni mkimbizi, ni mvunjaji wa masharti ya kambi, na ni mhanga wa usafirishaji haramu, vyote vitatu kwa wakati mmoja. Atakayemsaidia lazima awe na uwezo wa kuviona vyote vitatu.

Nchi hii haijawahi kuwa ngeni kwa jambo hili. Kongwa ile ile ya Chitego, miaka ya 1960, ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Vijana waliokimbia kwao walilala kwenye upepo huu huu wa Ugogo na kunywa maji haya haya ya chumvichumvi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatumikia wakimbizi. Na mwaka 2014 uraia ulitolewa kwa zaidi ya watu 162,000 wa familia za Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ukipanda treni ya zamani kutoka Tabora kuja Dodoma, pengine aliyekaa mbele yako anakula karanga ni mmoja wao, na ni Mtanzania kama wewe.

Basi ukimkuta mtu wa namna hii, unaanzia wapi?

Kwa mtoto, namba ni 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure kwa mitandao yote, na huna haja ya kujitaja. Hiyo ndiyo namba ambayo ningependa iandikwe kwenye ukuta wa kila stendi na kila kituo cha bodaboda. Kwa dharura ya polisi, 112. Ukienda kituoni mwenyewe, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Usisimulie habari ya mtoto kaunta mbele ya foleni. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama amepigwa au ameingiliwa kimwili, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na hospitali vinakuja kabla ya maelezo marefu, na asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa. Polisi wanapaswa kumwita afisa ustawi wa jamii, na wasipomwita, mwite wewe, yupo halmashauri. Yeye ndiye mwenye jukumu la kumtafutia mhanga pa kukaa. Nyumba salama ni chache, nyingi zinaendeshwa na mashirika ya kiraia na ya dini, na nyingi ziko mbali na sisi. Kwa kesi yenyewe ipo Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria ya 2008 imeanzisha mfuko wa kuwasaidia wahanga.

Kwa msaada wa sheria usio wa malipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria pamoja na mashirika yanayotoa huduma hiyo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni miongoni mwa yanayofahamika zaidi. Kwa mkimbizi au mwomba hifadhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina watu wake Kigoma. Huduma zake ni bure. Ninasisitiza bure kwa sababu wapo matapeli wanaouza "nafasi za Marekani" kwa watu waliokwisha kupoteza kila kitu. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakujawahi kununuliwa dirishani, na tangu Januari 2025 Marekani yenyewe ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Anayechukua hela ya mkimbizi leo kwa ahadi hiyo anamwibia mchana kweupe.

Kuna mambo ya kutofanya pia. Usimpige picha ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kesho anayemtafuta atajua aliko. Usimwendee mwenye nyumba kumkemea kabla ya mtoto kutolewa, maana usiku huo huo atahamishwa. Na tafadhali, tafadhali, usikubali kuyamaliza kifamilia. Hilo ndilo kaburi la kesi hizi. Mwenye nyumba anatoa laki mbili na mfuko wa mchele, mzazi mwenye njaa anapokea, binti anarudi kijijini, na "shangazi" anapita kijiji kinachofuata. Hadi mwaka 2022 hata mahakamani mkosaji aliweza kulipa faini badala ya kwenda jela. Marekebisho ya mwaka huo yaliuziba mwanya huo. Lakini sheria haifiki kwenye kesi iliyomalizwa sebuleni.

Kesi ya Nkuhungu haikumalizwa sebuleni. Mama wa binti alipigiwa simu kwa ile namba ya kwenye pindo la kanga. Zile tarakimu mbili tulizikisia, tukapiga kwa watu wanne wasiomjua kabla hajapokea yeye. Hakulia. Aliuliza kama mtoto amekula, akauliza stendi ya kushukia ni ipi. Alifika kesho yake mchana na ndala zenye vumbi jekundu. Binti alisema, "Shikamoo mama," akabaki amesimama, hajui kama anaruhusiwa kumsogelea, mpaka mama mwenyewe alipomvuta.

Walirudi Chemba. Binti amerudishwa darasani, mdogo mdogo, na watoto aliowazidi kimo. Shauri liko mahakamani na limeahirishwa mara tatu. Kila tarehe inapopangwa, mama na binti wanatakiwa wafike, kwa kuwa bila wao hakuna ushahidi, na kila mara swali linakuwa moja: nauli. Ofisi yetu haina fungu la kulijibu. Mara ya kwanza mama aliuza kuku wawili. Mara ya pili tulichangishana watu watano. Mara ya tatu nilipopiga simu kumwambia kwamba tarehe imesogezwa tena, walikuwa wameshapanda basi, na nauli ya kurudi ilitoka kwa yule mama muuza mkaa.